Habari za Mwalimu Perpetua na Picha ya Mzee Yared Iliyokataa Kuingia Kitabuni

Nyamazeni, enyi watu wa Kilosa na wa Mikumi, nanyi wa Kimamba mnaodhani mmekwisha kuyasikia yote kwa sababu reli inapita mlangoni kwenu! Zimeni redio, lazeni majembe, na mwenye mtoto anayelia ampe titi, kwa maana nataka kunena habari ya vita kuu iliyopiganwa mchana kweupe katika ofisi ya parishi yetu, vita ambayo haikumwaga kitu ila chai, na ambayo mwisho wake sura ya mzee mmoja, isiyozidi upana wa kiganja, ilikaa mahali pake juu ya karatasi. Wapo watakaosema kwamba hilo ni jambo dogo. Hao na wakae mbali nami, kwa kuwa mimi nilikuwapo, nimeketi karibu na birika, na niliyaona yote. Sina cheo chochote katika parishi hii zaidi ya kuimba besi, na hakuna aliyenituma kuandika.

Nawe Umeme, mwana wa nguzo na nyaya, ujaye utakapo na uondokaye bila kuaga, nakusihi ukae nasi walau mpaka niufikishe mwisho wa habari hii. Ukituacha njiani kama ulivyozoea, nitakutaja kwa ubaya.

Ilikuwa katika siku zile parishi ilipojiandaa kwa jubilei yake, na kamati ikaazimia kitoke kitabu cha kumbukumbu, chenye historia na picha za waliotumika. Kitabu cha namna hiyo kilikwisha kutolewa katika jubilei iliyotangulia, na ndani yake lilitendeka tendo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nakunja uso. Mzee Yared wa Masanze, mwinjilisti mstaafu, mpanda-vilima, mpiga-kengele, mtu ambaye magoti yake yalifungua madarasa ya kusoma katika miinuko ambayo hata mbuzi huipanda kwa kunung'unika, aliandikwa jina, na juu ya jina hilo wakaweka picha ya mtu mwingine kabisa, mnyapara wa mashamba ya mkonge aliyekuwa amepita siku ile kusalimia tu. Mzee hakulalamika. Alikitunza kitabu, na mgeni akikifunua, humwambia, "Huyo si mimi, ila naona ni mtu mwema."

Sasa mtoto wa jicho amekwisha kulifunika jicho lake moja na analinyemelea la pili, na daktari amesema kwamba kwa umri ule upasuaji hawezi kuuahidi. Mzee alituma neno moja tu kwa Kanoni Gabrieli, mkuu wa parishi: angependa kujiona kitabuni kabla hajaacha kuona. Neno lile lilinichoma moyo, na naliandika hapa ili liwachome na ninyi.

Ndipo alipoinuka katika kikao Mwalimu Perpetua binti Valentino, mwalimu wa hisabati wa sekondari kule Mikumi, msawazisha-milinganyo, tishio la kidato cha tatu, mwanamke ambaye chaki mkononi mwake haijapata kukatika. Akaweka kikombe chini, akanena:

"Baba Kanoni, na ninyi wajumbe! Kitabu kilichopita kilitengenezwa na watu waliovutavuta picha kwa kipanya mpaka namba za kurasa zikaingia ndani ya masikio ya wahusika. Mimi nilipokuwa chuoni niliandika tasnifu yangu kwa LaTeX. Katika programu hiyo mwandishi havuti wala hasukumi kitu. Huandika maneno yake na amri zake pamoja, nayo programu husoma, hutii, na kupanga kurasa kwa adabu kuliko mwanakwaya yeyote ninayemwona humu. Kazi hii niachieni mimi. Picha ya Mzee Yared itakaa katika ukurasa wake, juu ya jina lake, na isipokaa, msiniite mwalimu tena."

Tukampigia makofi, nami nikayasamehe yale maneno juu ya wanakwaya. Jambo ambalo hakulisema, na labda alilisahau kwa joto la kusimama mbele za watu, ni kwamba tasnifu ile ilikuwa na milinganyo mitupu na haikuwa na picha hata moja.

Kazi ya kukusanya picha ilimwangukia Katibu Samson, naye nitamweleza kidogo, kwa kuwa bila yeye vita isingekuwapo. Samson ni mtu mwema anayependa vyeo kama wengine wanavyopenda ugoro. Akisoma matangazo kanisani, majina yenyewe hufika yamechoka kwa urefu wa msafara uliotangulia. Basi kila picha aliyoipokea kwenye kompyuta aliihifadhi kwa heshima kamili za mwenyewe, kila cheo kimefupishwa na kuwekewa nukta yake. Picha ya mkuu wa parishi aliiita "Mch. Kan. Dkt. Gabrieli". Ya Mzee Yared aliiita "Mhe. Mwinj. Mst. Mzee Yared". Alisema kwamba hawezi kumweka mtu mzima kwenye kompyuta kwa jina tupu kama anamwita mtoto atumwe chumvi dukani, na sisi sote tuliooneshwa tukakubali kwamba ni malezi mema. Picha moja tu haikuwa na cheo, nayo ni ya fahali aliyetolewa na Mzee Sironga wa huko mbugani kwa ajili ya karamu. Samson alifikiri, akaona fahali hajabarikiwa kuwa chochote, akaiita "fahali" basi.

Hata ikafika Ijumaa, siku ambayo mpiga chapa wa Morogoro alitaka kupelekewa kitabu kabla ya jioni, la sivyo jubilei ingetukuta na mikono mitupu. Asubuhi Mwalimu Perpetua akashuka kwenye bodaboda kutoka Mikumi, vumbi limempaka hadi kope, kompyuta yake ameikumbatia kifuani. Akasalimia wakubwa, akaketi, akafungua, akapiga moyo konde. Maneno yaliingia bila kelele. Sura zilijipanga zenyewe, namba za kurasa zikasimama mahali pake zimenyooka, na Kanoni Gabrieli akatabasamu, na Samson akamimina chai.

Kisha akaandika ile amri ya kuingiza picha: alama ya mkwaju wa kinyume, ule mstari ulioinamia nyuma, kisha neno lenyewe, na ndani ya mabano jina la picha ya Kanoni. Akabonyeza. Kioo kikajaa maandishi mekundu. Akasoma, akafuta, akaandika tena, akabonyeza. Mekundu. Akajaribu picha ya mwenyekiti wa akina mama, mekundu. Ya mzee wa kanisa, mekundu. Ya Mzee Yared, nayo ikakataliwa kwa maneno marefu kuliko yote. Jasho likamtoka shujaa wetu. Akajaribu tena kwa kubonyeza kwa nguvu zaidi, mbinu ambayo haijapata kumsaidia mtu tangu kompyuta zifike wilayani, lakini hakuna asiyeitumia.

Mwisho, kwa kukata tamaa, akaandika jina la fahali. Akabonyeza.

Fahali akaingia! Aliingia mzima mzima bila hodi, mkubwa kupita karatasi, ubavu umejaza ukurasa wote, pembe zimetokea juu na miguu ya nyuma imebaki nje ya kitabu. Ofisi nzima ikasimama.

"Ole wetu!" akalia Katibu Samson, mikono kichwani. "Ni siku gani hii tuliyofikia, enyi wajumbe, ambayo mtumishi wa Mungu aliyesomea anazuiwa mlangoni, na mnyama wa kuchinjwa kesho anapitishwa mbele kama mgeni rasmi? Mwalimu, hiyo mashine yako haikulelewa!"

"Haikulelewa kweli," akasema Kanoni, aliyekuwa amekasirika kuliko alivyotaka kuonesha.

Lakini Mwalimu Perpetua hata hakuinua macho. Alikuwa ameinama, kidole kwenye kioo, analinganisha jina la fahali na majina ya waheshimiwa, na midomo yake ilikuwa ikitembea kama anavyofanya akisahihisha mitihani. Kisha akainuka polepole, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Nimemwona adui," akasema. "Sikilizeni. Jina la picha kwenye kompyuta lina mkia, ambao kompyuta huuongeza yenyewe kuonesha aina ya picha, na kati ya jina na mkia pana nukta. Fahali ana nukta moja tu, basi mashine inajua jina lake linaishia wapi. Lakini mashine hii ya zamani ikikutana na nukta ya kwanza, inadhani jina limekwisha. Inasoma 'Mhe', inaona nukta, na yote yanayofuata, Mwinjilisti, Mstaafu, Mzee na Yared mwenyewe, inayahesabu kuwa ni mkia. Halafu inasema haijawahi kuona mkia wa namna hiyo."

 Birika likanyamaza ghafla, maana umeme ulikuwa umekatika, nami nikautaja kwa ubaya kama nilivyoahidi. Kompyuta ikabaki inaishi kwa betri.

"Kwa hiyo?" akauliza Samson, ingawa alikwisha kuona pigo linakuja.

"Kwa hiyo tuwavue vyeo, kwa maana hata tukifuta nukta, nafasi kati ya maneno nazo huivuruga mashine. Kwenye kitabu kila cheo kitachapwa kikamilifu chini ya picha, na nukta zake zote. Lakini ndani ya mashine kila mtu aingie kwa jina lake alilopewa na mama yake."

Hapo Samson akasimama, akafunga vifungo vya koti lake, akanena maneno ambayo lazima niyaandike kwa haki, ingawa yalinichosha. Alisema kwamba yeye amezaliwa na watu na hakuokotwa. Alisema kwamba heshima haina ndani wala nje, na kwamba anayemvua mkubwa wake cheo mahali pasipoonekana, kesho atamvua mbele za watu. Alisema kwamba kidole chake hakitabonyeza herufi za jina tupu la mtu aliyembeba mgongoni akiwa mtoto. Aliposema hilo la mwisho aligeukia dirishani, na nikaona kwamba hakuwa anajifanya. Mzee Yared ndiye aliyemfundisha kusoma.

Kanoni Gabrieli akahema. "Mimi naruhusu," akasema. "Niiteni Gabrieli humo ndani, ila muanze kwa herufi kubwa. Wengine nitawasemea mimi. Lakini kwa Mzee Yared hakuna anayeweza kusema. Yeye ni mkubwa wetu sote. Ruhusa aitoe mwenyewe, na jambo kama hili haliombwi kwa simu."

Ndivyo ilivyotukia kwamba shujaa wetu alifunga safari ya Masanze katikati ya vita, saa zinakimbia, na mimi nikifuata kwa kuwa kila jambo kubwa linahitaji shahidi. Tulipanda mshikaki, sote wawili pikipiki moja, nyuma ya Brayan, dereva wa bodaboda anayeamini kwamba breki ni za waoga.

"Tulia mwalimu, tunafika fasta," akapaza sauti. "We shika tu hiyo kompyuta yako."

"Brayan, ukiniangusha nitakurudisha darasani," akajibu Mwalimu, na Brayan, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, akapunguza mwendo papo hapo.

Tulimkuta Mzee Yared uani kwake, anachambua maharage kwa vidole, mabovu huku, mazima huku, hatazami chini kabisa. Mwalimu akapiga goti.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Huyo ni binti Valentino? Mikumi hawajambo? Tembo hawajarudi mashambani?"

"Hawajambo, babu, tembo wametupa nafasi mwezi huu. Nimekuja na neno zito." Akakusanya pumzi, akalisema lote kwa mpango, kama alivyolipanga njiani. "Kuna mashine iliyopokea maneno yote ya kitabu cha jubilei, lakini picha yako imeikataa. Inaikataa kwa sababu ya heshima tulizozitanguliza mbele ya jina lako. Inataka uingie kwa jina tupu, bila mheshimiwa, bila mwinjilisti, hata mzee haitaki. Siwezi kuandika hivyo bila kibali chako, babu. Nikifanya kwa siri nitakuwa nimekuvunjia heshima, na mama akisikia sitakuwa na pa kuuficha uso."

Mzee akaacha maharage. "Jina tupu ndilo lipi?"

"Ni hilo lako, babu."

"Litaje nilisikie."

Enyi wasikilizaji, nimemwona mwanamke huyu akimkabili mkaguzi wa shule, na sauti yake ilikuwa kavu kama chaki. Hapo uani ulimi wake uligoma.  Akatazama chini, akanitazama mimi, nami nikajifanya naangalia kuku.

"Yared," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo sana.

"Naam!" akaitika mzee, upesi, kichwa juu, kama kijana aliyeitwa na watu wa nyumbani. Kisha akacheka, akajipangusa macho kwa nyuma ya mkono. "Mama yangu aliniita hivyo, na kaka zangu. Wote nimewazika. Tangu tumzike wa mwisho, hapa duniani hakubaki mtu wa kuniita Yared. Wote mnaniita mzee. Ni heshima, siikatai, lakini mtu unachoka kuwa mzee tangu asubuhi mpaka usiku. Nenda ukaandike, mjukuu wangu. Kama iko mashine inayotaka kuniita hivyo, mimi nitaitika."

Sioni haya kusema kwamba nililia, nikasingizia vumbi, ingawa pikipiki ilikuwa imesimama.

Tukarudi Kilosa. Betri ya kompyuta ilikuwa imebaki na pumzi chache, na Samson alikuwa amekaa mlangoni anatafuna kucha. Mwalimu akampa habari yote. Katibu akasogeza kiti, akasema, "Kama ameitika, basi nitaandika mimi." Akabadilisha jina la picha kwa mkono wake mwenyewe, herufi moja baada ya nyingine, huku akinong'ona, "Samahani, mzee, samahani, mzee," mpaka alipomaliza.

Mwalimu akabonyeza. Maandishi mekundu yakatoweka, tukapiga kelele, kisha tukatazama. Ukurasa mzima ulikuwa tundu moja la pua na kifungo cha shati. Picha ilikuwa kubwa mno.

"Mwambie apungue," akaamuru Kanoni.

Akaiandikia upana, ikapungua, ikawa nzuri kabisa, na papo hapo ikaukimbia ukurasa wake. Kwa maana picha katika programu ile huelea: ikiona mahali ni pembamba, huhamia mbele inakoona nafasi. Ikaenda kutua ukurasa wa fahali, ikakaa juu ya maneno yaliyosema, "Zawadi ya Mzee Sironga. Atachinjwa Jumamosi."

"Mungu wangu!" akasema Samson, akaketi sakafuni.

Hapo ndipo Mwalimu Perpetua, mtisha-kidato-cha-tatu, alipopandwa na hasira zake za kweli. "Nimekwenda Masanze kwa mshikaki," akaiambia kompyuta, "nimemwita babu yangu jina mbele ya kuku wake, halafu wewe unampeleka machinjoni? Hapa! Hapa hapa nilipoandika, na usisogee!" Na akiwa anasema aliyaandika hayohayo kwa lugha ya mashine, herufi moja ya kusema hapa na alama ya mshangao ya kutilia mkazo, akapunguza upana kidogo, akabonyeza kwa kidole cha shahada.

Picha ikarudi. Ikatua katika ukurasa wake, juu ya jina lake, chini yake vyeo vyote na nukta zake zote, na Mzee Yared akatutazama kutoka kwenye kioo akiwa na koti lake la Pasaka. Kanoni akasema "Amina" bila kuombwa. Kitabu kikatumwa Morogoro kwa bando la simu ya Samson, na kompyuta ikazimika muda mfupi baadaye, kazi yake imekwisha.

Basi na ijulikane katika vilima na mbugani, hadi kwa wale wa Kimamba, kwamba siku ile, katika ofisi ya parishi yetu, Perpetua binti Valentino aliingiza picha kitabuni, nayo ikakaa. Samson alitaka siku hiyo itengewe ibada yake kila mwaka, nasi tulimzuia kwa shida. Mpiga chapa alipoleta vitabu alitueleza kwamba tulijisumbua bure, kwani ingetosha kulizungushia jina mabano ya pili, na vyeo vyote vingepita na nukta na nafasi zake. Tulimwomba anyamaze anywe soda. Lakini Samson alilishika neno lile, na Jumapili ya jubilei, baada ya ibada, akamfuata Mzee Yared, aliyekuwa ameketi na kitabu amekisogeza karibu kabisa na jicho lililobaki, hajaufunua ukurasa mwingine tangu asubuhi.

"Shikamoo, mzee. Kumbe kuna njia. Leo hii naweza kukurudishia heshima zako zote ndani ya mashine."

"Marahaba, Samson. Wengine warudishie," akasema mzee, kidole juu ya picha. "Mimi niache hivyo hivyo nilivyo humo."